Kijani Kisichosubiri Jibu

Unageuza uso tena, wewe unayesoma. Ukiona majaribio yote ya programu yako yamewaka kijani, ishara kwamba yamepita, unafunga kompyuta unaenda zako. Leo hugeuki.

Fundi wa programu na muuguzi walikutana mapokezi ya hospitali, foleni imefika mlangoni. Fundi, shati limekunjamana, kasimama katikati ya njia ya machela.

"Kaka, wewe ni nguzo?" aliuliza muuguzi, sare ya buluu imenyooka, saa kaibana kifuani.

"Nguzo yako, ukitaka."

"Basi sogea, nguzo." Akacheka. Miezi mitano baadaye walikuwa wanatafuta nyumba pamoja.

Ikaja Jumanne ile. Muuguzi aliagiza damu ya kumwongezea mama aliyetoka kujifungua, kwa programu ya hospitali aliyoiunda Fundi. Skrini ikasema: *Ombi limepokelewa.* Uongo! Mtandao ulikuwa umekatika. Dakika arobaini mama yule alififia mikononi mwake, hadi alipopiga simu na pikipiki ikaileta damu. Alipona chupuchupu.

Muuguzi akampigia Fundi.

"Laazizi..."

"Laazizi yako nani? Programu yako inadanganya!"

"Haiwezekani. Nililijaribu hilo la mtandao kukatika, na jaribio likapita."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi?"

Akakata. Siku sita muuguzi hakupokea simu yake.

Siku ya saba, mchana, Fundi aliingia chumba cha wauguzi, kompyuta kwapani.

"Kosa ni langu. Tazama mstari huu. Nilituma ombi kwa makusudi lishindwe, nione kama onyo litatoka. Ila sikuliambia jaribio lingoje. Likamaliza kabla kosa halijarudi, likawaka kijani."

"Yaani uliuliza, ukaondoka kabla ya jibu. Kama kwenye simu. Hata hukuniuliza kama mgonjwa yu hai."

Fundi akainama. "Yu hai?"

"Yu hai. Na mwanawe."

Fundi akaongeza kwenye mstari ule neno moja la kungoja, akaliendesha jaribio tena. Nyekundu, limeshindwa! Sehemu ya programu ya kudaka kosa na kutoa onyo ilikuwa tupu. Kosa likiingia linamezwa, skrini inasema sawa. Akaijaza: *Ombi halikufika. Piga simu.* Wakasubiri, mabega yakigusana. Kijani.

"Sasa kata mtandao kweli," muuguzi akaamuru.

Akakata. Onyo likatoka.

"Ile nyumba..." Fundi akaanza. "Utaishi nami?"

Muuguzi alinyamaza muda mrefu. Fundi hakuongeza neno, hakuondoka.

"Umejifunza kungoja," akasema. "Nitaishi nawe."

Na wewe? Mimi ninayekusimulia nakumbuka kila "jaribio limepita" niliyowahi kuambiwa. Fungua majaribio yako sasa hivi. Kata mtandao, ngoja kosa lirudi, ulitazame usoni. Usiniambie kesho, kuna mtu wodini anasubiri damu.