Aliyeingia Bila Kupita Getini

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Fundi Saa akiwa ameinamia saa ya mteja, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Akaitoa kwa mkono mmoja. Ilikuwa imeandika: *Kuna mtu sebuleni. Mgeni au mwenyeji?*

Akafungua picha ya getini. Hakuna mtu. Ya uani: kuku wa jirani tu, anaparura. Ya sebuleni ikamwonyesha mke wake kwenye cherehani, peke yake, na nyuma yake pazia jipya lililotundikwa likipepea taratibu, ilhali madirisha yalikuwa yamefungwa. Hakubonyeza jibu lolote. Akarudisha simu mfukoni, lakini kazi ilimshinda siku ile.

Mtaa mzima ulimjua Fundi Saa kwa mambo mawili: saa aliyoitengeneza haikukosea tena, na wivu wake haukuwa na dawa. Alimwonea wivu muuza maziwa. Aliwaonea wivu mashemeji zake mwenyewe. Na mke aliyejaliwa alikuwa wa kuuchochea moto huo bila kukusudia, kwa sababu Mama Mapazia, kama wateja walivyomwita, alishonea nyumbani, na alikuwa na kicheko kinachoruka ukuta na kwenda kukaa barabarani. Wateja walikuja kupimiwa mapazia, na baadhi yao walikuwa wanaume. Kwani wanaume hawana madirisha?

Kamera za nje zilikuwepo siku nyingi, kwa ajili ya wezi. Za ndani alizileta juzijuzi, na fundi wa kamera, jamaa aliyeitwa Nyaya, ndiye aliyemshauri aziunge zote pamoja.

"Bosi, za nje na za ndani zikikaa mbalimbali ni sawasawa na macho ya makengeza," Nyaya alimwambia. "Tukiziunga, mtu akigusa geti lako unamfuata mpaka jikoni. Wenyeji unawasajili sura zao. Akitokea mwingine, simu inakuuliza. Ukisema mgeni, king'ora kinalia. Ukisema mwenyeji, basi, ni mtu wa nyumbani, hatasumbuliwa tena."

Mama Mapazia aliinua macho kwenye cherehani. "Za nje nimeelewa. Hizi za ndani ni za nini?"

"Wezi, mke wangu."

"Wezi wa sebuleni? Labda ni mimi."

Fundi Saa alicheka kwa jino pembe, na mazungumzo yakaishia hapo.

Baada ya lile pazia kupepea, simu ikawa inatetemeka kila jua linapokuwa la utosi. *Kuna mtu koridoni. Kuna mtu jikoni.* Na siku moja mtu mwenyewe akaonekana. Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, amesimama mlangoni mwa jikoni akimtazama Mama Mapazia akikata kitambaa. Alikuwa kijana, tena mzuri, na nywele zake zote zilikuwa kichwani. Fundi Saa alijipapasa kipara bila kujua.

Alirudisha nyuma picha za getini tangu asubuhi. Mtu yule hakupita. Za uani, hakupita. Akamwita Nyaya afunge kamera nyingine ukuta wa nyuma, kisha nyingine ya kutazama paa, na sasa hata paka hakuweza kuingia bila kurekodiwa. Kesho yake mwanamume wa shati jeupe alikuwa koridoni kama kawaida. Nje hakuonekana akiingia wala akitoka.

Mwenye akili zake hapo angeshaingiwa na hofu. Lakini wivu humla mtu akili kwanza. Fundi Saa hakujiuliza ni kiumbe gani kinachokuwa ndani bila kuingia. Alijiuliza mke wake anamficha wapi.

Akapanga fumanizi. Akisema mgeni, king'ora kitalia, na yule bwana atatoroka kabla hajafika. Kwa hiyo siku iliyofuata, simu ilipouliza, akabonyeza *mwenyeji*, akafunga kibanda chake cha saa mteja akiwa bado anaongea, akakimbia.

Aliingia kwa kunyata, viatu mkononi. Kitu cha kwanza kilichompokea ni harufu: marashi mazito, matamu, na chini yake harufu ya udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Mama Mapazia alikuwa kwenye cherehani, peke yake.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

Alifungua makabati, akainama uvunguni, akapekua hata kapu la vitambaa, na mke wake akimtazama tu. Mwisho, akihema, alitoa simu aone picha ya sebuleni, na humo akajiona mwenyewe amesimama katikati ya chumba na simu mkononi, akamwona mke wake, na katika kiti chake, kiti chake mwenyewe cha kukalia jioni, akamwona yule wa shati jeupe amekunja nne, ametulia, akitazama juu moja kwa moja kwenye kamera, na alipogeuka polepole, kiti kilikuwa kitupu, ila mto wake ulikuwa umebonyea.

Tangu siku ile nyumba ikabadilika. Fundi Saa akiingia getini, king'ora kinalia. Simu ikaandika: *Kuna mgeni.* Alijisajili upya, sura mbele, sura upande, na kila akimsogelea mke wake king'ora kinapiga ukelele mpaka arudi nyuma. Mteja mmoja, dereva, alimfanya Mama Mapazia acheke, na mkasi uliokuwa umelala mezani ukaruka ukamchana dereva kiganja.

Jioni ile mke alimvuta mumewe mpaka nje ya geti, akamnong'oneza.

"Mume wangu, kuna mtu humu."

"Najua."

"Unajua?" Alimkazia macho. "Nikikaa kushona, nakuta sindano zimeshatungwa uzi. Nikiimba, kuna sauti inaimba chini yangu. Mwanzoni nilidhani ni masikio. Lakini sasa hataki mtu anikaribie. Ukinishika wewe, nasikia mkono mwingine unanivuta."

Fundi Saa alitetemeka, na niseme ukweli, si kwa hofu peke yake. Mkono mwingine! Hata majini nao?

Aliyeletwa ni Mama Mikate, jirani wa mtaa wa pili, anayejulikana kwa mikate kuliko kwa majini, ingawa kazi zote mbili alizirithi kwa mama yake. Alikuja mchana, unga bado umemganda mikononi. Alinusa mlangoni, akavua viatu, akaketi sakafuni.

"Wewe uliyemo," alisema kwa sauti ya chini, "nani kakuleta?"

Pazia lilivimba. Kisha sauti ikatoka katika kispika kidogo cha kamera, sauti laini, yenye adabu, na ile ya jikoni ikaipokea, na ya koridoni, na za uani na getini zikafuatia, mpaka nyumba nzima, ndani na nje, ikawa inasema kwa kinywa kimoja:

"Sikuvunja mlango, mama. Nilikuwa napita nje ya ukuta miaka mingi, nikisikia kicheko chake. Siku hizi nilichungulia mchana, nikatoka. Kukaa sikuthubutu, sikukaribishwa. Kisha mwenye nyumba akanitazama, akasema mimi ni mwenyeji."

Mama Mikate alimgeukia Fundi Saa. "Ulisema hivyo?"

Mama Mapazia naye akageuka.

"Aliyekaribisha ndiye anayetoa," Mama Mikate aliendelea. "Na haondoki kwa maneno ya nusunusu. Sema hapa, mbele ya mkeo, kwa nini ulimkubali. Kisha umfukuze. Ukidanganya, atakaa, na atakayetoka ni wewe, tena kwa jeneza."

Fundi Saa alipiga hesabu. Alijua akisema, anaweza kumpoteza mke. Akinyamaza, mke ni wa yule pale kitini.

"Nilidhani una mwanamume," alisema hatimaye, akitazama vidole vyake. "Nilitaka king'ora kisilie, nimfumanie. Kamera za ndani hazikuwa za wezi. Zilikuwa zako."

Cherehani iligeuza gurudumu lake mara moja, yenyewe, ikaacha.

"Toka nyumbani mwangu," alisema.

"Nyumba yako nitaiacha," zilisema kamera zote, za ndani na za nje.

Harufu ikakatika. Pazia likalala. Mama Mikate alingoja kidogo, akanusa tena, akasema, "Haya. Ameondoka humu. Sema alhamdulillahi, unibebee na kiti nje, magoti yananiuma." Akaenda kibarazani kuvaa viatu.

Mama Mapazia alikuwa ameshaingia chumbani. Alitoka na begi.

"Mke wangu, nimesema ukweli. Ameshakwenda."

"Miaka yote hii," alisema taratibu, bila ukali, "nilipokuwa nakuona unanitazama, nilikuwa najisifu moyoni. Nilidhani ni mapenzi." Akamsogeza kando kwa kiganja, akapita.

Fundi Saa hakumfuata. Aliketi kwenye kiti chake, mto ukiwa bado na uvuguvugu, akafungua simu, akamtazama akivuka koridoni, akivuka uani, mpaka getini. Alifungua geti. Akatoka. Lakini hakulifunga. Alisimama pale nje, ameshikilia geti kwa mkono, uso ameugeuzia ndani, kama mtu anayemngoja mwenzake aliye nyuma yake kidogo. Midomo yake ilisema neno. Kisha akacheka, kile kicheko cha kuruka ukuta, ambacho Fundi Saa alikisikia kwa masikio yake mwenyewe kutoka barabarani. Ndipo geti likafungwa.

Uani hapakuwa na mtu.

Mama Mikate alikuwa bado kibarazani anahangaika na kamba za viatu. Angemwita tu. Angesema, mama, yule hakuondoka peke yake, kaondoka na mke wangu, mkimbilie. Alifungua kinywa, na kilichompanda kifuani hakikuwa hofu. Kilikuwa kitu kimoja tu, kichungu, kinachounguza: kwamba mke wake alimngoja yule.

Fundi Saa akafumba kinywa. Akatoa kioo cha kukuzia mfukoni, akakibana jichoni, akarudisha picha nyuma, na kuanza kuitazama upya, polepole, aone ni nani aliyekuwa amebeba begi, mke wake au yule wa shati jeupe.