Magugu ya Vitalia

Sokoni Mbinga ilibaki kamba moja ya manila, na mikono miwili ikaishika. Mmoja ulikuwa wa Vitalia, Mmatengo wa kijiji cha Matiri, kajifunga kitenge cha kijani kama aendaye msibani, ingawa mama yake alizikwa tangu Kwaresima. Mwingine ulikuwa wa kijana mwenye shati la mifuko mingi na mabuti ya mvua, jua linawaka.

"Dada, niachie. Nakwenda kufunga shamba."

"Kwani shamba ni mbuzi, litatoroka?"

Muuza kamba aliangua kicheko. Vitalia hakucheka. Tangu mama aondoke, moyo wake ulikufa ganzi. Utani ulimtoka tu, kama kikohozi.

Kijana huyo aliitwa Zabron, Mnyasa wa Liuli, kando ya ziwa. Kampuni ya makaa ya mawe ilimtuma aandike majani na miti iliyopo kabla ya kuchimba, ili wakimaliza warudishe kama walivyokuta. Wakaikata kamba nusu kwa nusu, wakapeana namba za simu.

Zabron akawa anabipu. Vitalia anapanda kilimani kutafuta mtandao, anapiga.

"Wewe mla dagaa, vocha huna?"

"Mpenzi, naitunza ya siku nitakayokuita mke wangu."

"Itunze, iote ukungu."

Lakini kesho yake alipanda tena. Miguu ilikwenda, yeye akaifuata.

Kumbe shamba la mama yake lilikuwa ndani ya eneo la mgodi. Zabron akapigilia vigingi katikati yake, akazungusha kamba, mraba wa kutosha kutandika mkeka. "Nitakuja Jumatatu kuandika kilichomo, kiwakilishe shamba zima," akamwambia.

Jumapili, baada ya misa, Vitalia akapita pale. Shamba lote hilo, mgeni kazungushia kamba penye magugu! Sasa Mmatengo kumwonyesha mgeni magugu ni sawa na kumkaribisha chumbani kitanda hakijatandikwa. Huko Dar, kwa wakubwa wa kampuni, wasome kwamba marehemu alikuwa mvivu? Akavua viatu vya kanisani, akashika jembe. Akapalilia mraba wote, akamalizia na ufagio.

Zabron alipofika alishika kichwa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Nimekusafishia."

"Umesafisha? Sasa niandike nini, udongo mtupu? Wakimaliza kuchimba watarudisha udongo mtupu, na ahadi watakuwa wametimiza! Wakubwa wamekutuma, siyo?"

"Nilidhani unamwaibisha mama."

Hakumsikia, alishaipanda pikipiki.

Simu ikanyamaza. Vitalia hakulia. Alipika, akala ugali usio na ladha, akalala. Mvua zilipoanza, akawa anakwenda kukaa kando ya ule mraba, anafukuza mbuzi.

"Mwanangu, unachunga nini?" shangazi yake Gertruda akauliza.

"Magugu, shangazi."

"Haya. Mapenzi ya Wanyasa yana mambo."

Majani yalipofika magotini, Vitalia akanunua vocha, akapanda kilima.

"Yameota. Njoo uandike."

Zabron alikuja na shati lililopigwa pasi na samaki mbasa mkavu kwenye gazeti. Akachuchumaa. Vitalia, ameketi palepale, akamtajia moja moja: hili la kufunika mashimo ya ngoro, kilimo cha mlimani, hili la tumbo la watoto.

"Na hili?"

"Hili mama alituchanganyia kwenye maharage."

Zabron akaliandika taratibu. "Makaa watachimba tu," akasema. "Lakini hili watalirudisha. Nisamehe, mpenzi. Ile vocha haijaota ukungu. Nikuite mke wangu?"

Vitalia akataka kusimama, akaketi tena.

"Ngoja."

"Ningoje nini tena?"

"Mguu umekufa ganzi. Usiniguse!"

Zabron akangoja, mbasa mkononi. Damu ikaanza kurudi mguuni, inachoma kama siafu.

"Unauma?"

"Unauma," akasema, na machozi yaliyokwama tangu Kwaresima yakamwagika hadi kwenye kitenge. "Unauma sana, Zabron. Usiondoke."