Mkufu wa Bibi Elsa

"Apana, Lisette. Mtu mzima haongeleshwi hivyo mbele ya mtoto wake," alisema jirani Mwanne, mkono mmoja kiunoni, mwingine bado umeshika mwiko.

"Wewe Mwanne rudi kwenye maharage yako. Nazungumza na Consolée," alijibu Lisette. "Jumatano asubuhi mkufu wa mama yangu ulikuwa shingoni. Jioni haupo. Nyumbani alikuwepo nani? Yeye peke yake. Kesho nisipouona, naenda polisi."

Ua ulikuwa umejaa. Huku mtaani Carama, sauti ya jirani ikipanda kidogo tu, watu hukumbuka kwamba walikuwa na chumvi ya kuomba. Walikuja wa nyumba ya mbele na wa nyumba ya nyuma, na hata yule mama ambaye chumvi anaiuza mwenyewe.

Orlane alisimama mlangoni na sare yake ya shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila siku saa kumi, mama yake, Consolée, hurudi kutoka kwa Bibi Elsa, mama yake Lisette, nyumba ya tatu kutoka kwao, hukaa kwenye kigoda na kutia miguu katika beseni la maji ya moto. Miaka miwili sasa alikuwa akimhudumia bibi huyo, tangu alipopooza upande mmoja: kumwinua, kumwogesha, kumlisha uji, kumkanda mguu. Leo miguu ilikuwa bado ndani ya beseni, na maji yalikuwa yamepoa.

"Sikuuchukua," alisema Consolée. Ilikuwa mara ya nne, na kila mara sauti ilipungua. "Unajua desturi yangu. Simvui mgonjwa kitu cha mwilini bila mtu wa nyumbani kuona. Jumatano hukuwepo, nikamwogesha na mkufu wake shingoni. Nilipotoka kwenda nyuma kuanika mashuka alikuwa nao. Niliporudi nilimfunika hadi kidevuni, sikuangalia tena. Hapo nilikosea. Lakini sikuuchukua."

"Na shahidi wako ni nani?"

Orlane alizitazama nyuso zile zote. Alijua kitakachofuata. Jina la mwizi likimgusa mhudumu wa wagonjwa, hakuna familia itakayomfungulia mlango tena. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Mimi. Jumatano nilikuwepo. Nilimwona Bibi na mkufu wake jioni, mama akiwa ameshatoka."

Vichwa vyote vikageuka mlangoni.

"Orlane hakuwepo," alisema Consolée. "Alikuwa shule, akarudi moja kwa moja hapa. Usimsikilize."

Orlane akarudi hatua moja ndani ya mlango.

"Eh, Mama Orlane," Mwanne akaguna, "mtoto anakuvuta kutoka mtoni, nawe unarudi majini."

Wawili watatu walicheka. Lisette hakucheka. Alimgeukia Consolée.

"Aliyeiba angemwacha mtoto aseme," alisema polepole, kama anayejisemea.

"Bibi mwenyewe umemuuliza?" Consolée alisema.

"Mama? Mama haongei."

"Anaongea. Anachelewa tu."

Consolée akavaa kandambili bila hata kujifuta miguu. Walikwenda kwa Bibi wote watatu, yeye, Lisette na Orlane, na Mwanne akafuata na mwiko wake, ingawa hakuna aliyemwita.

Bibi Elsa alikuwa amelala chali, macho wazi. Consolée alikaa kando ya kitanda, akaweka kiganja chake chini ya mkono wa Bibi ulio mzima. Aliuliza swali moja, akasubiri. Mara mbili Lisette alitaka kuingilia, mara mbili Mwanne akamvuta kitenge.

"Bibi, Jumatano nilipokuwa naanika nguo, alikuja mtu?"

Mkono ulibonyeza. Ndiyo.

"Mwanamke?"

Mkono ulitulia.

"Mwanamume wa hapa mtaani?"

Ukatulia tena. Midomo ya Bibi ikahangaika. "Ru... Ruziba."

"Mjomba Népomuscène, yule wa Ruziba," alisema Lisette. "Kwa hiyo wale samaki wadogo, wale ndagala niliowakuta mezani, aliwaleta yeye. Nilidhani umenunua wewe."

"Nami nilidhani umenunua wewe asubuhi."

"Kikapu," alisema Bibi, na jasho lilikuwa limemtoka. "Kitupu... aibu."

Lisette akashika kichwa. Katika nyumba ya Bibi Elsa, mgeni aliyeleta chakula hakuwahi kuondoka na kikapu kitupu. Alitiliwa maharage, au unga, au hata ndizi mbili. Jumatano hapakuwa na mtu wa kutumwa jikoni, na mkono mmoja wa Bibi ulifika shingoni tu, na kwenye kikapu kilichoachwa kando ya kitanda mzee alipokwenda kuweka ndagala mezani.

Walimpigia simu mzee huyo kule kwake Ruziba.

"Kikapu?" alisema. "Nimekitundika, sijakifungua. Ngojeni." Walisikia akikohoa, akihamisha vitu. "Humu kuna mkufu. Unanuka ndagala. Nani katia mkufu katika kikapu changu?"

Lisette alikata simu. "Nisamehe, Mama Orlane. Basi, yameisha."

"Hayajaisha. Ulinisema uani kwangu, watu wakasikia. Turudi uani."

Mwanne alibaki na Bibi. Uani watu walikuwa bado wapo wote. Lisette alieleza kila kitu, kuanzia kikapu hadi lile neno polisi, bila kupunguza, na mwisho akasema, "Consolée si mwizi. Nilimsingizia." Watu walitawanyika mmoja mmoja, kila mmoja na habari ya kupeleka kwake.

Consolée alirudi kwenye kigoda, akamwita Orlane karibu.

"Wangekuuliza shuka la Bibi Jumatano lilikuwa la rangi gani, ungejibu nini?"

"Nisingejua," alisema Orlane.

"Uongo wako mmoja ungegundulika, na ukweli wangu wote ungeonekana uongo. Mtu akikusingizia, sema ulichokiona, kubali usichokijua, kisha mtafute aliyekuwepo. Inachosha. Mimi mwenyewe leo nimechoka hadi mifupani. Lakini usinisaidie tena kwa uongo."

"Ndiyo, mama."

Lisette alikuwa bado amesimama langoni, hajui aende au akae. Consolée alimtazama, akainuka taratibu.

"Orlane, mletee mgeni maji ya kunawa. Lisette, usisimame huko. Kuna wali na mboga ya lengalenga. Ingia tule."