Sauti ya Arobaini na Moja

Saa 2:05 asubuhi.

Ramani ilichorwa nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, ikabanwa mezani kwa koleo, bisibisi mbili na mkono wa Kabati. Mkono ule peke yake ungetosha kubana meza nzima.

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha karakana ya redio. Breki, dereva, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuzitumia. Kabati, wa kubeba. Pasi, kiongozi, shati limenyooka hata siku ya kwenda kuiba. Na mwenye karakana, dada yake Pasi wa tumbo moja, mama wa miaka hamsini na mbili waliyemwita Mama Nyaya. Kazi sita walizofanya pamoja, kengele zote sita ni yeye aliyezinyamazisha. Hakuna polisi aliyewahi kumfikiria. Nani amfikirie mama wa miwani anayetengeneza redio za watu?

"Nyumba imefungwa wiki mbili," Pasi alisema. "Prodyuza, mwenye studio, kasafiri. Swichi kuu kaizima mwenyewe, kengele imekufa. Mlinzi wa getini anatoka saa nne kamili, na wa kumpokea huchelewa robo saa kila siku ya Mungu. Tunaingia na lori la kuhamisha vyombo. Ovaroli, karatasi mkononi, sura za watu waliochoka. Dakika kumi na tano."

"Vinanda vingapi?" Kabati aliuliza.

"Viko kumi na viwili. Tunachukua vitatu. Viwili vya mnunuzi." Pasi alimgeukia dada yake. "Kimoja cha Dada. Hicho hakiuzwi. Atakayekigonga mlangoni atanijua."

Mama Nyaya alimlea mwenyewe mdogo wake huyu tangu mama yao alipofariki. Alimfunga kamba za viatu, akamfichia makosa, mpaka makosa yakageuka kazi. Hakuwahi kupewa naye zawadi hata siku moja.

"Hivyo vikongwe vina nini hasa?" Breki alisema. "Binti yangu ana kitu kwenye simu kinapiga sauti elfu."

"Cha simu kinapiga sauti ileile leo, kesho na kiama," Mama Nyaya alisema. " Hivi vina damu. Ukikiwasha kikiwa baridi kinaimba upogo. Kipe nusu saa ndipo kishike sauti. Na kikishika hakitulii moja kwa moja, kinayumba kidogo, kama mtu anavuta pumzi. Watu wanavuka bahari kuutafuta huo myumbo."

"Basi twendeni tukaibe pumzi," Breki alisema, akachukua funguo.

Saa 3:20.

Ndani ya lori Mama Nyaya alikaa kati ya Kabati na mlango, mkoba wa vifaa magotini, akiwaza sauti moja.

Kinanda alichoahidiwa kilikuwa na nafasi sitini na nne za kuhifadhi sauti. Marehemu mumewe, mpiga kinanda wa studio ya Prodyuza, alizijaza zote kwa mkono, kitufe kimoja baada ya kingine. Ya arobaini na moja ilimchukua msimu mzima wa mvua. Alikuwa akimsikiliza mkewe anavyoimba mdomo umefumbwa huku analehemu nyaya. "Usiache," alikuwa akimwambia. "Nakaribia kukupata." Akampata. Sauti ile ilikuwa Mama Nyaya mwenyewe, akiwa na miaka ishirini na saba na hajazika mume.

Mume akafa. Prodyuza akasema kinanda ni mali ya studio, karatasi hakuna, kesi hakuna. Tangu hapo namba arobaini na moja imetoka kwenye nyimbo za mapenzi, matangazo ya sabuni, hata taarifa ya habari, na kote inaitwa sauti ya Prodyuza. Mama Nyaya hujisikia dukani akinunua chumvi. Mara tatu Prodyuza alituma watu kumwomba amtengenezee vinanda, maana fundi wa mashine hizo mjini kabaki yeye tu. Mara tatu aliwafukuza. Mara ya tatu kwa maji ya deki.

Saa 4:02.

Geti wazi. Kibanda cha mlinzi kitupu, kiti kimebaki na gazeti. Breki alirudisha lori nyuma hadi mlangoni.

Mama Nyaya alifungua kisanduku cha kengele. Kimya. Hakugusa hata waya mmoja. Katika kazi zote sita hakuwahi kukuta hali hiyo, na hakuipenda.

"Kazi rahisi nayo unailalamikia?" Pasi alimnong'oneza.

Saa 4:05.

Chumba cha studio hakikuwa na dirisha. Kuta zimevalishwa zulia. Vinanda vilipangwa mstari, vimefunikwa mashuka meupe, tochi ikavipitia kimoja kimoja. Kabati alikumbatia cha kwanza, Breki akashika cha pili kwa kutukana. Wakatoka navyo.

Mama Nyaya alikwenda moja kwa moja hadi cha mwisho. Alivuta shuka. Ubavu wa mbao ulikuwa na alama ya sigara ya mumewe palepale. Aliweka kiganja mgongoni mwa kinanda.

Akakitoa. Akakirudisha.

Kilikuwa na joto. Na lile halikuwa joto la kuwashwa asubuhi hiyo. Lilikuwa limeingia mpaka kwenye mbao, joto la siku nyingi.

Mbele, pale panapotokea namba za sauti, mtu alikuwa amebandika utepe mweusi. Aliubandua kwa ukucha. Taa nyekundu ilimwangalia. Alibonyeza kitufe kimoja, kidogo tu. Sauti ilitoka imenyooka, imeshika.

"Pasi. Swichi kuu imezimwa?"

"Imezimwa, Dada."

"Kwa hiyo hiki kinakula nini? Ubwabwa?"

Pasi alitazama zulia. Chini ya ovaroli iliyofunguliwa shati lilikuwa limelowa makwapani. Kwenye kazi sita Mama Nyaya hakuwahi kumwona akitoka jasho.

Nje lori liliunguruma, likaondoka. Halikupunguza mwendo hata getini.

"Breki anajua?" Mama Nyaya aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Anajua. Kabati ameambiwa unabaki kwa hiari yako."

Saa 4:11.

Taa zikawaka. Prodyuza alitoka chumba cha pili amevaa ndala, kikombe mkononi, walinzi wawili nyuma yake. Pembeni mwa dari kamera ilikuwa inawatazama wote.

"Karibu, shemeji," alisema. "Samahani kwa njia niliyotumia. Ya kawaida ilinimwagia maji."

"Sema unachotaka."

"Wiki tatu zilizopita hiki kinanda kiliandika betri inaisha. Betri ya ndani, inayoshika zile sauti. Tangu hapo sijathubutu kukizima. Tundu la kunakili kwenye kaseti limekufa zamani. Nikikizima na betri ikafa, sitini na nne zote zinakwenda." Alikunywa chai. "Utaibadilisha bila kupoteza hata moja. Kisha utanitengenezea hivi vingine. Nyuma kuna chumba, kina kitanda kizuri. Ukikataa, mkanda wa kamera unakwenda polisi, pamoja na zile kazi sita. Ndugu yako amenisimulia moja moja."

Vile vinanda viwili ndiyo ilikuwa bei yake. Dili lote lilikuwa la kumwiba yeye.

Mama Nyaya alimgeukia mdogo wake. Prodyuza hakuwa na maana tena.

"Polisi walinishika mwezi uliopita, Dada," Pasi alisema. "Wangenifunga miaka kumi. Huyu ndiye alinitoa. Nikafikiri kazi yenyewe ni ileile yako ya kila siku. Nyaya tu."

"Ulisema hiki ni changu."

"Ningefanyaje?"

"Ungeniambia kweli. Ningekuja." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Kwa ajili yako ningekuja kwa miguu. Na yale maji ya deki ningeyanywa."

Pasi alinyoosha kola ya shati.

Ilimuuma kuliko siku ya mazishi. Mume alichukuliwa na kifo, na kifo hakimjui mtu. Huyu anamjua vizuri, na amemuuza akiwa amevaa shati ambalo yeye mwenyewe ndiye alimnunulia.

"Nipeni umeme wa kulehemu," alisema. "Na kiti."

Saa 4:34.

Kifuniko wazi. Nyaya za rangi zote, vumbi la miaka, na pale katikati betri ya duara imeota ukungu wa kijani.

"Nikitoa ya zamani," alieleza, "kinabaki kinaishi kwa umeme wa ukutani tu, mpaka niweke mpya. Asikohoe mtu."

"Tumekuelewa, shemeji."

"Kwanza nisikie kama ipo."

Alichagua arobaini na moja. Alibonyeza, akashikilia.

Chumba kilijaa. Mwanamke aliimba mdomo umefumbwa, akiyumba kidogo, akivuta pumzi. Prodyuza alifumba macho. Pasi aliinua kichwa. Kwa sauti hiyohiyo alilazwa usingizi tangu mdogo, kwenye benchi la karakana, miguu imefunikwa kanga ya dada yake. Mama Nyaya alijisikiliza mpaka mwisho. Alimsikia na mumewe pia, katika kila mahali alipokuwa amekosea kidogo akaacha hivyohivyo.

Aliyeyusha risasi ya kulehemu upande mmoja, akayeyusha wa pili. Betri ikadondoka kiganjani.

Prodyuza alimnyooshea mpya, bado iko kwenye pakiti. Mama Nyaya aliipokea. Akaiweka mezani. Kisha aliinama, akashika waya mweusi wa umeme uliopita chini ya zulia, akauvuta.

Taa nyekundu ikazimika.

Prodyuza akasema, taratibu kabisa, "Washa. Washa haraka."

Alichomeka waya, akawasha yeye mwenyewe. Alibonyeza arobaini na moja. Mashine ilikoroma kama redio iliyokosa stesheni. Alibonyeza arobaini na mbili, na tatu, na nne. Zote zilikoroma.

"Ulikuwa umeipata," Prodyuza alisema. "Ilikuwa ndani ya mkono wako. Yako mwenyewe."

"Ndiyo. Yangu." Mama Nyaya alifunga mkoba wa vifaa. "Sasa wapigie polisi."

Saa 5:15.

Waliwakalisha wote wawili kwenye ngazi, walinzi wakiwa wamesimama juu yao. Kazi sita ni za wote wawili; Prodyuza hakuwa na sababu tena ya kumlinda mmoja. King'ora kilisikika mbali, kikipotea nyuma ya majengo na kurudi.

Pasi alisogea mpaka bega likagusa la dada yake. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na nane.

"Dada," alisema. "Imba kidogo. Ile ya kufumba mdomo. Kabla hawajafika."

Nje ya nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, hapakuwa na mahali duniani sauti ile ilipobaki ila kooni mwake. Mama Nyaya alilijua hilo. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa ovaroli, akaivaa tena na kutazama geti.

Hakuimba.