Kaunta Iliyopimwa kwa Kiwiko cha Mtu Mwingine

"Shangazi, hebu niangalie. Hii kaunta inanifika wapi?"

Shangazi aliacha kubonyezabonyeza makabati, akageuka, akampima kwa macho binti wa kaka yake.

"Kifuani."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Ukipikia hapo utakuwa unachungulia sufuria kama jirani juu ya ukuta."

Wakatazamana. Na wala hawakutakiwa kuwa humo. Huyo binti, ambaye tangu shuleni anaitwa Robo kwa sababu ya kimo chake, alikuwa bibi harusi wa Jumamosi inayofuata. Mchumba wake, daktari wa meno aliyeitwa Mlingoti kwa sababu ya kimo chake naye, alikuwa amemwomba kitu kimoja tu: asikanyage nyumba yao mpya mpaka siku ya kuhamia, maana kuna zawadi ndani. Robo angevumilia. Shangazi ndiye ambaye ukimwambia usitazame, umempa darubini. Getini aliwaambia mafundi, "Sisi ni watu wa mapazia," akapita na mkoba wake kifua mbele.

Aliyewapokea ndani ndiye aliyelichora jiko lenyewe. Walimwita Mbunifu: mwanamke mrefu, mzuri, penseli sikioni, anatembea kama sakafu ni yake.

"Dirisha ni hili," akawaambia. "Naomba pazia jepesi, mwanga upige mbao. Yale majiko meupe kama hospitali yamepitwa na wakati. Watu sasa wanataka joto. Mbao, kijani kilichokolea, mabomba ya shaba, na jiwe moja linalotoka kwenye kaunta likapanda ukutani bila kukatwa."

"Pazuri," Shangazi akakubali. "Ila friji mmeisahau."

"Umeiegemea, mama."

Shangazi akaruka. Mlango wa mbao nyuma yake ukafunguka taratibu wenyewe, baridi ikamwingia mgongoni.

"Hatuweki vishikio siku hizi," Mbunifu akasema. "Ukigusa panafunguka. Friji, oveni, mashine ya kuoshea vyombo, vyote vimejificha. Mgeni akiingia anadhani ni sebule ya pili. Moshi na masufuria machafu yanakwenda jiko dogo la nyuma."

"Kwa hiyo hili ni la kupigia picha."

"Hapana, hili litapikiwa kwelikweli. Ndiyo maana kaunta iko juu. Jiko la namna hii hatulipimi kwa vipimo vya dukani. Tunapima kiwiko cha anayepika. Anakunja mkono hivi, kaunta inakaa chini kidogo ya kiwiko, mgongo haumuumi."

Akakunja mkono kuwaonyesha. Kaunta ikamkaa kama gauni lililoshonewa yeye.

Robo naye akakunja mkono. Kiwiko kikagonga droo.

"Na huyo anayepika ni nani?" akauliza.

"Mambo ya mwenye nyumba siyasemi, dada. Ni zawadi ya harusi." Mbunifu akatabasamu. "Ila mkono upo. Jana tulijaribu jiko, tukala samaki hapa. Mpaka sasa namfikiria yule samaki."

Nyuma ya mlango ilining'inia aproni ya kijivu yenye doa la mchuzi. Robo aliitoa, akajipimia. Ikamfika kwenye vidole vya miguu.

Akaitundika tena, akatoka bila kuaga.

Kwenye gari Shangazi alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena.

"Labda wamekosea vipimo," akasema.

"Hajakosea mtu. Mlingoti ananishushia vitu kabatini kila siku, anajua ninafika wapi. Lile jiko lina mwanamke wake, Shangazi. Mrefu."

"Halafu yule Mbunifu alivyosimama pale..."

"Usimalizie."

"Simalizii. Ila kiwiko chake kilikaa pale kama kimezaliwa pale."

Robo akachukua simu, akaandika: "Nimeliona jiko la mke wako mrefu. Hongera."

Jibu likaja upesi: "Umeingia??? Mpenzi, nina mgonjwa hapa mdomo wazi. Nakupigia."

Robo hakusubiri. Kuna jambo lingine lilikuwa limeamka kichwani mwake: vile vyombo vya chakula. Tangu wachumbiane, Mlingoti alikuwa akimpelekea chakula cha mchana kwenye saluni yake. Siku ya kwanza wasusi walimzunguka Mlingoti wakamuuliza kanunua wapi, akasema, "Kuna mgahawa pale kona, nyuma ya kliniki." Wali unachambuka, samaki wa nazi na ndimu, mchuzi unaopanguswa mpaka chombo kinang'aa. Haukupita muda saluni nzima ikawa inaagiza kupitia kwake, na Mlingoti akawa anaingia na mifuko miwili miwili kama anahama. Robo alishamwambia mara nyingi, "Huyo mpishi wa kona mpe salamu zangu. Mwambie asife."

Sasa aliendesha mpaka hiyo kona. Akashuka. Akazunguka nyuma ya kliniki. Palikuwa na mlango mmoja tu.

"Kaka, mgahawa uko wapi hapa?"

"Mgahawa upi?" mwenye duka akauliza, mikono myeusi tii.

"Wa samaki."

"Dada yangu, mimi niko hapa kabla hii kona haijawa kona. Ukitaka matairi, karibu."

Simu ikaita. Mlingoti.

"Mpenzi, tulia kwanza nikueleze..."

"Nani anakupikia?"

Upande wa pili ikasikika mashine ya kliniki ikivuta mate ya mtu.

"Unasema?"

"Wale samaki wa kila mchana. Niko kwenye mgahawa wako sasa hivi. Wanauza matairi."

"Ah."

"Ah yako kaa nayo. Njoo kwa Shangazi, uje na huyo mpishi. Nataka nimwone kwa macho yangu. Usipomleta, Jumamosi usihangaike na suti."

Kwa Shangazi palikuwa pameshajaa. Wasusi walikuja kupanga mitindo ya harusi wakakuta habari tamu zaidi. Mjomba alikuja kuuliza usafiri, akavuta kiti. Kila aliyeingia alisimuliwa upya, na kwa kila msimulizi kaunta iliongezeka urefu.

"Inamfika shingoni," msusi mmoja akamweleza Mjomba.

"Kifuani," Robo akasema kutoka kwenye kochi, macho mekundu. "Msinizidishie."

Mlingoti akaingia akiinamisha kichwa mlangoni, bado na koti jeupe la kazi. Peke yake.

"Shikamoo Mjomba. Shikamoo Shangazi."

Mjomba aliitikia. Shangazi alikohoa tu.

"Yuko wapi?" Robo akauliza.

"Yupo."

"Umemwacha kwenye gari?"

"Robo, nikikueleza hapa hutaniamini, na mimi ningekuwa wewe nisingeamini. Twendeni kwenye nyumba. Wote. Atapika mbele yenu. Ukishamwona, ukisema basi, mimi nitasema sawa."

"Umesikia maneno hayo?" Shangazi akasema. Lakini viatu alikuwa ameshavaa.

Walimkuta Mbunifu juu ya ngazi ndogo, anarekebisha taa za juu ya kisiwa, ile meza kubwa ya jiwe iliyokaa katikati ya jiko. Alipoona msafara unaingia, alishuka.

"Watu wa mapazia mko wengi," akasema.

"Wewe kaa hapo hapo," Robo akamwambia. "Tunakuja kwako."

"Kwangu kuna nini?"

Mlingoti alivua koti jeupe, akaenda nyuma ya mlango, akatoa aproni ya kijivu, akaivaa. Ikamfika magotini, sawasawa. Akagusa ukuta, friji ikafunguka, akatoa samaki. Akasimama kwenye kaunta, akakunja mkono, kisu kikaanza kwenda kwenye vitunguu, chapchap, bila kutazama. Kiwiko chake kilikaa juu ya lile jiwe mahali pake.

Harufu ya nazi ilipopanda, msusi mkubwa akafumba macho.

"Jamani," akasema polepole. "Huyu ndiye mgahawa."

"Ni wewe?" Robo akauliza.

"Ni mimi."

"Siku zote?"

"Siku zote. Naamka alfajiri napika, ndipo naenda kliniki."

"Sasa kwa nini useme kona?"

"Uliona siku ile walivyonizunguka? Kila mmoja na kitana mkononi, wanasema chakula hiki kapika mwanamke anayejua mapenzi. Nikaogopa nikisema ni mimi mtanicheka. Kona ndiyo ilinijia mdomoni. Kesho yake mkaanza kuagiza. Nikasema nitasahihisha kesho. Kesho mkaagiza cha watu wanane."

"Na pilipili tuliomba izidishwe," msusi mmoja akakumbuka.

"Nikazidisha."

Mjomba akaanza kucheka kichinichini, akajifanya anapenga kamasi.

Robo hakucheka. Alikuwa ametulia, lakini bado kuna kitu kilimkwama.

"Sawa, wewe ndiye mpishi. Kaunta ni yako, rafu ni yako, aproni ni yako. Umeniambia ni zawadi yangu ya harusi. Mimi humu niko wapi? Nimezunguka jiko zima, sijaona hata mahali pa kuweka kijiko ninapofika."

Mlingoti alipunguza moto. Akafuta mikono, akazunguka kisiwa, akavuta kiti kirefu cha upande wa pili.

"Panda."

"Viti virefu sivipendi, unajua. Miguu inaning'inia nafanana na mtoto."

"Panda kwanza."

Akapanda. Kisha akashusha miguu, tayari kwa ule mning'inio wake wa kila mahali, mgahawani, benki, kwa watu. Miguu ikatua. Akachungulia chini. Palikuwa na bomba la shaba limepita chini ya kisiwa, mbele ya kiti hicho kimoja tu. Mchana aliliona, akadhani ni la kutundikia taulo. Nyayo zilikaa juu yake zote mbili, magoti yakakunjika vizuri, mgongo ukaegemea.

Robo akakaa hivyo. Akachezesha vidole vya miguu juu ya shaba.

"Umepimaje?" akauliza mwishowe.

"Saluni. Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti chako unasimulia, nikainama kufunga kamba za viatu."

"Siku ile viatu vyako havikuwa na kamba. Nilishangaa."

"Nilipima kwa uzi wa kusafishia meno. Ndio niliokuwa nao mfukoni."

"Akaniletea ule uzi," Mbunifu akadakia. "Nikamwuliza hiki ni nini, akasema hii ni miguu ya mke wangu, usiipoteze. Nimechora majiko mengi ya matajiri, dada. Vyote hivi unavyoviona, jiwe, friji ya kujificha, kila mtu anataka mwaka huu. Hilo bomba hajawahi kuniomba mtu."

Robo akamtazama kwa aibu. "Dada, nilikuwa nimekuwazia vibaya."

"Niliona ulivyotoka. Nikajua mapazia hamfanyi."

"Mimi nikipika," Mlingoti akasema, "nataka uwe umekaa hapo unanipa habari za saluni. Nani kaachwa, nani karudiwa. Mimi kutwa naongea na watu ambao mikono yangu iko midomoni mwao, hawanijibu. Chakula hakinogi bila wewe kuongea. Hiyo ndiyo zawadi."

Wasusi wakatafuta pa kutazama. Mjomba akapenga kamasi, safari hii za kweli.

Robo akavuta pumzi.

"Na mimi nina neno," akasema. "Bora mlisikie wote. Sijui kupika. Shangazi ananifundisha kila jioni na kila jioni tunafungua madirisha. Nilikuwa naihofia ndoa hii kwa sababu ya jiko tu."

"Najua," Mlingoti akasema.

"Unajuaje?"

"Uliniletea supu nilipougua."

"Ulimaliza bakuli."

"Nilimaliza. Ndipo nikampigia simu Mbunifu."

Hapo jiko likapasuka kwa vicheko, Robo mwenyewe akalalia jiwe, machozi yanamtoka, miguu inapigapiga bomba la shaba. Alipopata sauti akanyoosha mkono, Mlingoti akamsogezea sufuria, naye akachovya kijiko kwenye mchuzi.

"Chumvi kidogo," akasema. "Halafu Jumamosi vaa ile suti ya bluu."

Akavaa. Wakaoana, ukumbi ukajaa mpaka watu wakakalia mapaja ya watu, na bwana harusi akalazimika kutolewa kwa nguvu kwenye jiko la ukumbi, maana hakuamini wali wa wapishi.

Jumapili ndugu wakamiminika nyumba mpya kuona hilo jiko lililotaka kuvunja harusi. Mlingoti kwenye kaunta, Robo kwenye kiti chake, anasimulia. Mbunifu naye alialikwa. Katikati ya kula, Shangazi, mjane wa miaka mingi aliyepika tangu utotoni mpaka vidole vikajikunja, akamvuta pembeni.

"Mwanangu, na mimi nataka unichoree jiko. Dogo tu."

"Furaha yangu, Shangazi." Mbunifu akatoa utepe wa kupimia. "Haya, kunja mkono nipime kiwiko."

Shangazi akavuta kiti, akakaa, akanyoosha miguu.

"Kiwiko achana nacho," akasema. "Mimi nipime miguu."