Jina Lililokataa Kufutika

Klavye ya alamu, kile kibao cha namba cha mlangoni, ilikuwa mpya, imetoka kwenye katoni yake asubuhi ile, lakini Hilaire alipoiwasha ilikuwa na jina la mtu tayari. JOACHIM. Hilaire, fundi wa alamu asiyependa porojo, alilifuta. Akaingiza kode yake ya ufundi, akaandika jina la Clovis, mwenye depo ile ya kuhifadhia tindikali, akabonyeza kitufe cha kukubali. Jina lililotokea lilikuwa lile lile alilolifuta.

"Patron," akasema polepole, "Joachim ni nani?"

Clovis akasafisha koo. "Ni ule sentinelle mwenye alikufia humu. Ufute."

"Nafuta, inarudia."

"Basi ufute tena."

Mtaa mzima wa Kikula ulijua kifo cha mlinzi yule, au ulidhani unajua. Kwenye kilio, pale mtu anaposimama kutoa historique, yaani kuwaeleza waombolezaji marehemu ameondokaje, aliyesimama ni Clovis. Alisema Joachim alilewa, akajifungia ndani ya depo, akaangusha pipa la tindikali. Aliyasema hayo mbele ya jeneza, na mjane, Orpha, akainamisha kichwa. Mpaka leo anapita sokoni na aibu isiyo yake. Mtu anayemsingizia maiti asiyeweza kujibu, mimi sina neno la kumtetea.

Ikafika kazi ya kupima. Clovis aliingia ndani ili apite mbele ya vifaa vya kuhisi mwendo, na Hilaire akabaki nje kwenye klavye ya mlangoni. Mlango ukajifunga kwa kufuli lake la umeme. Wakati huo Orpha akafika, amevaa nguo za kilio, kuchukua buti na koti la mumewe kama Clovis alivyomwagiza. Akasalimia, akasimama kando.

Klavye ikaonyesha mwendo mlangoni, kisha kwenye mapipa.

"Patron, simama fasi moja," Hilaire akasema.

"Nimesimama." Sauti ya Clovis ilikuwa chini sana. "Hilaire, ni nani anatembea huku?"

Harufu ya tindikali ikapenya chini ya mlango, ingawa mapipa yote yalikuwa matupu na sakafu ilikwisha kuoshwa. Ndani Clovis alianza kubonyeza kode yake kwenye klavye ya upande wake, na klavye ikamkatalia kwa mlio mrefu, akabonyeza tena, ikamkatalia, na Hilaire naye akaingiza kode ya ufundi ikakataliwa, akakata umeme, akachomoa betri, akang'oa na nyaya zenyewe, maana kufuli lile likikosa umeme hujiachia lenyewe, na bado herufi za kijani ziliwaka palepale, na harufu ikazidi mpaka macho yao yakatoka machozi.

JOACHIM. CODE?

"Mama Orpha," Clovis akakohoa, "niko nakufa. Joachim hakukunywa kitu. Ile siku nilifuta kode yake, nilizania anaiba. Sikumwambia. Acide ikamwangika, akabonyeza, akabonyeza, mulango ukakataa. Nilimusingizia. Unisamehe."

Hilaire akamgeukia mjane. "Mama, kode ya bwana yako unaijua?"

"Najua. Ni mwaka wenye tulizaa mutoto wetu wa kwanza."

Akainua kidole mpaka kikagusa namba ya kwanza. Hapo akakumbuka vichwa vyote vilivyomgeukia siku ya kilio. Hasira ikampanda, ya kweli, ya miezi yote ile. Akarudisha mkono chini ya kitenge.

"Patron Clovis, ile historique ya uongo uliitoa mbele ya bantu bote. Hii ya kweli unanipa miye na fundi tu. Ngoja niite bantu."

"Mama, atakufa," Hilaire akanong'ona. "Basi unipe miye ile kode."

"Joachim pia alingoja."

Akaondoka kuelekea sokoni bila haraka. Hilaire akakamata nyundo, akaupiga mlango mpaka mpini ukakatika. Ndani, kukohoa kukapungua, kisha kukakoma.

Klavye isiyo na waya hata mmoja ikalia mlio mfupi, ule wa kukubali. Chini ya jina la Joachim, jina la Clovis lilikuwa limeandikwa.