Mfuniko Uliobaki Nyasubi

Mzee Agapiti hakuwa na mtandao wa simu, hakuwa na kivuli cha maana, hakuwa na maji zaidi ya dumu moja la kunywa, na hakuwa na mfuniko wa rejeta. Hata mtu wa kumlaumu hakuwa naye.

Gari lake, kuukuu kuliko ndoa yake, lilikuwa limezimika katikati ya pori la kwenda Runzewe, likifuka mvuke kama chungu cha makande. Aliingia njia ya porini kukwepa malori. Sasa mbung'o walimuuma shingoni, na lami ilikuwa mbali.

"Mfuniko uko wapi, Baba Rosemary?" mkewe Serafina aliuliza, mguu wake uliovimba ameunyoosha juu ya mto.

"Juu ya ukuta wa mkwe Sostenes, Nyasubi. Nilikuwa najaza maji, mwenyewe akaja kutuaga. Ningempa mkono mmoja, mwingine umeshika mfuniko?"

"Mkwe? Thubutu! Heri gari liungue."

Wakacheka, kisha Agapiti akautazama mguu ule. Serafina asingeweza kutembea, na Agapiti asingemwacha. Gari lisipoondoka, hawaondoki.

Alitamani kumimina maji papo hapo. Akajizuia, maana maji baridi hupasua injini ya moto. Akasogeza kiganja karibu na rejeta, akakirudisha upesi. Jua likazidi kuwaka. Midomo ya Serafina ikakauka, macho yake yakatua kwenye dumu.

"Nikinywa, gari litatosheka?"

Agapiti akalitikisa dumu. Maji yale yalikuwa kiasi cha rejeta tu.

Serafina akavuta kibuyu cha maziwa ya mgando alichokuwa anampelekea Rosemary, binti yao aliyejifungua Runzewe. Akachomoa gunzi lililokiziba.

"Rosemary atatusamehe. Sisi tunywe haya. Maji mpe mke mwenzangu."

"Na hilo gunzi nipe!"

Injini ilipopoa, akajaza maji, akalizungushia gunzi kipande cha kitenge, akalishindilia kwenye mdomo wa rejeta na kulifunga kwa mpira wa baiskeli. Hakukaza sana, mvuke upate pa kutokea.

Waliondoka mwendo wa kinyonga. Kila kilima walipumzika, Agapiti akilipapasa boneti. "Jikaze, mama. Bado kidogo."

"Mimi hujaniita hivyo tangu kipaimara cha Rosemary," Serafina akanung'unika.

Agapiti akamgeukia, akamshika mkono. "Jikaze na wewe, mama."

Mabati ya Runzewe yalipong'aa mbele yao, wote wawili walilia.

Kesho yake Agapiti aliketi kuandika, kwani mambo ya ukweni hayasemwi kwa simu:

"Mkwe mpendwa, tumefika, mjukuu wetu ni mzima. Mfuniko wangu uko juu ya ukuta wako, mpe konda aulete. Salamu zako ni tamu, lakini nusura zituue."

Akaramba bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akaipeleka kwenye basi la Kahama, linalopita Nyasubi.

"Shikamoo, mzee!" Konda akamnyooshea mkono.

Agapiti kwanza akaitia barua katika mfuko wa shati la konda, akafunga kifungo. Ndipo akaitikia marahaba, kwa mikono yote miwili.